Shajara ya mradi: kuhamisha tangi la maji ya bahari hadi tangi kubwa, Lamu mjini

Novemba, kaskazi inapoanza

Tangi lililopo lina urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40, yaani lita 112 likijazwa hadi ukingoni; ukitoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, maji yenyewe hayazidi lita 90. Humo wanaishi samaki wawili aina ya Amphiprion allardi, wale wa rangi ya kahawia wenye mistari miwili myeupe na mapezi ya machungwa, ambao ni wenyeji wa bahari yetu ya Afrika Mashariki. Kangaja mmoja aina ya Ctenochaetus truncatus, mwenye vidoa mwili mzima na duara la dhahabu kuzunguka jicho. Kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye kazi yake ni kuwatoa samaki vimelea. Konokono kadhaa wanaokula mwani. Na vishina vichache vya matumbawe laini. Samaki wote walinunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni ya samaki wa mapambo.

Aliyelazimisha mradi huu ni kangaja. Samaki huyu hashindi mahali pamoja. Tangu asubuhi hadi magharibi anapita juu ya mawe akiyaparuza kwa meno yake membamba, na katika tangi la sentimita 80 amekuwa kila akianza kuogelea ameshafika kiooni na kugeuka. Aina yake hufikia urefu wa takriban sentimita 16, na huyu bado yuko nusu ya safari. Sababu ya pili ni joto. Maji machache hupata moto upesi na hukauka upesi, na lita mbili na nusu zikipotea hewani kwa siku moja katika lita 90, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi 36 kwa kila kilo ya maji. Katika tangi kubwa upotevu wa aina hiyo hauleti mshtuko.

Tangi jipya litakuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, sawa na lita 300. Nimechagua kuongeza upana badala ya kimo kwa sababu oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, na uso huo utapanda kutoka sentimita za mraba 2,800 hadi 6,000. Tangi la zamani halitatupwa; litakaa chini ya jipya, ndani ya meza, likiwa tangi la kuchujia, na hapo ndipo pampu na skima ya kutoa uchafu kwa povu zitakapofichwa.

Muda nao una mipaka yake. Kaskazi ndiyo majira ya maji safi katika mlango wa bahari yetu. Masika yakianza, karibu na Aprili, mvua huteremsha tope na maji matamu kutoka bara, kisha kusi huchafua bahari kwa miezi. Kwa hiyo kila jambo linalohitaji maji ya bahari kwa wingi lazima liwe limekwisha kabla Machi haijaisha.

Desemba: mahali pa kuliweka

Watu wa nyumbani walitaka tangi liwe ghorofani, ambako familia hukaa na ambako upepo unapita. Kabla ya kukubali nilimwita mwashi mzee wa mtaa wetu, aliyekarabati nyumba nyingi za mawe za mji wa kale, aitazame dari. Aliingia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama juu, akaniambia: “Mwanangu, dari hii hubeba watu, vitanda na hata harusi, lakini haibebi kisima.”

Hesabu inamuunga mkono. Vioo peke yake vina uzito wa karibu kilo 70, maji na mawe ya tangi la juu ni zaidi ya kilo 300, tangi la chini likiwa na maji yake ni kilo 90, na meza ya mbao ngumu nayo haikosi kilo 60. Jumla ni zaidi ya kilo 500 juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba, tena mzigo usiosogea mchana wala usiku. Dari za nyumba za mawe za Lamu hujengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya mawe, kisha udongo na chokaa. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake mara chache kuzidi mita tatu, kwa sababu boriti yenyewe haiendi mbali zaidi ya hapo. Boriti za nyumba hii ni za zamani sana, na ncha zilizozama ukutani haziwezi kukaguliwa bila kubomoa. Ukiongeza maji ya chumvi yatakayodondoka hapa na pale kwa miaka, jibu linajitokeza lenyewe.

Tangi litakaa basi katika chumba cha chini kinachotazama kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Chumba hiki kina faida ambayo sikuitarajia: kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, jua la moja kwa moja halikifikii, na kipimajoto nilichokiacha hapo kimeonyesha kuwa mchana hakipandi kama vyumba vya juu. Kwetu hakuna haja ya kupasha maji moto; kazi ni kuyapoza, na kila nyuzi moja inayopunguzwa na ukuta ni nyuzi ambayo feni haitahangaika nayo.

Fundi seremala alipendekeza mbambakofi, mti ule ule wa milango na majahazi, nami sikubishana naye. Meza ina kimo cha sentimita 80, miguu sita badala ya minne, na kila mguu unakaa juu ya bapa la jiwe ili uzito usitoboe sakafu ya chokaa. Skrubu zote ni za chuma kisichopata kutu. Sakafu ya nyumba ya zamani haiko sawa popote, kwa hiyo kazi ya pima maji ilichukua muda mrefu kuliko kazi ya msumeno; fundi alichonga mabapa ya chini moja moja mpaka kipovu kikatulia katikati kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Meza ikiwa imeinama kidogo, uso wa maji hubaki sawa lakini kioo cha upande mmoja hubeba zaidi, na maungio ndiyo yanayolipa.

Januari: vioo

Vioo vilikatwa Mombasa, unene wa milimita 12, vikaja kwa lori hadi Mokowe na kuvuka kwa boti vikiwa vimesimamishwa wima kati ya magodoro mawili. Kioo hakilazwi safarini. Kikilazwa hukatika kwa uzito wake chombo kikipiga wimbi. Kutoka gatini mahamali walivibeba mmoja mmoja kwa mikono. Rukwama ingefaa barabara ya pwani, lakini vichochoro vya ndani vina ngazi na mitaro, na mlango wetu, kama milango mingi ya hapa, unaingia dakani, ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha unapiga kona ili mpita njia asione ndani. Tangi lililokwisha kuungwa lisingepita kona hiyo. Vipande vimepita bila taabu, na tangi limeungwa ndani ya chumba chake, juu ya meza yake, na kutoka humo halitatoka likiwa zima.

Nieleze kwa nini milimita 12. Shinikizo la maji hutegemea kina, si urefu wa tangi, lakini nguvu yote inayosukuma kioo hutegemea vyote viwili. Kwa kina cha sentimita 48 na urefu wa mita 1.2, kioo cha mbele kinasukumwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140 hivi, saa zote. Wapo wanaotumia milimita 10 kwa kipimo hiki na matangi yao yanasimama. Mimi nimeona tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kukausha chumba cha mawe kilicholoa lita 300 za chumvi.

Silikoni iliyotumika ni ile ya kawaida yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo na huua viumbe. Kingo zilifutwa kwa spiriti mara mbili, zikabandikwa utepe wa karatasi pande zote mbili, kisha mpwa wangu akashika bomba la silikoni nami nikashika kioo. Anayo mikono mitulivu: aliuburuta mstari mmoja usiokatika kutoka kona hadi kona, na tulipokisimamisha kioo na kukikandamiza, silikoni ikatanuka ndani ya ungio ikawa nyeusi kote, bila hata kijipovu kimoja cheupe. Kijipovu kinachoonekana kwa jicho ni njia ya maji ya kesho. Utepe ulivutwa kabla silikoni haijaota ngozi, na chumba kikafungwa kwa zaidi ya wiki moja.

Tundu la bomba la kuteremshia maji lilitobolewa katika kioo cha nyuma kabla ya kuunga, kwa keekee ya duara yenye chembe za almasi, huku maji yakimwagiliwa muda wote ili kioo kisipate moto. Hili huwezekana kwa kioo cha kawaida tu. Kioo kilichokazwa kwa moto hupasuka vipande vidogo vidogo pale tu keekee inapokigusa.

Jaribio la kwanza lilifanywa kwa maji ya kisima, tangi likiwa limejaa na pipa la plastiki likishika nafasi ya tangi la chini. Nilitaka kujua jambo moja hasa: umeme ukikatika, maji kiasi gani hurudi chini? Kila sentimita moja ya kimo katika tangi la juu ni lita 6, kwa hiyo maji yakishuka sentimita mbili kabla ya kufika usawa wa tundu, lita 12 zitateremka, na mabomba nayo yataongeza yake. Umeme wenyewe haukutusubiri tuuzime. Ulikatika jioni ile ile, na chini zikapatikana lita 17. Tangi la zamani litafanya kazi likiwa na lita 70 na kubakiwa na nafasi ya lita 40 hivi. Inatosha. Hata hivyo nimetoboa kitundu kidogo katika bomba la kupandisha maji, chini kidogo ya uso, ili pampu ikizimika hewa iingie na kukata mvuto wa maji kurudi.

Januari hadi Februari: mawe ya Manda

Anayehamisha tangi la bahari huwa na wasiwasi na maji, na mara nyingi hufanya kila awezalo kuyahifadhi ya zamani. Mimi nauweka wasiwasi wangu kwenye mawe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wameganda juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya vichujio. Tena ni wazito wa kuzaana: huchukua takriban siku nzima kuongezeka maradufu, wakati bakteria wengi wa kawaida huhesabu dakika. Maji mapya hupatikana kwa boti moja. Mawe yaliyokomaa hayapatikani hivyo.

Mawe ya tangi la zamani yatahamia yote, lakini hayatoshi kwa lita 300. Kuchukua mawe hai baharini hakukuwamo katika mpango: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na miamba iliyo kaskazini mwetu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Wala hapakuwa na haja. Mji huu umejengwa kwa matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, na upande wa pili wa mkondo, Manda Maweni, wachonga mawe wanayakata hadi leo. Niliomba vipande ambavyo haviwafai wao: vilivyojaa matundu, vyenye umbo la ovyo, visivyosimama ukutani. Kwa mwashi hilo ni jiwe bovu. Kwa bakteria, kila tundu ni chumba. Nilikataa kabisa mawe yaliyobomolewa katika kuta za nyumba, hata yale mazuri ya bure, kwa sababu yamegandwa na chokaa ambayo huipandisha pH ya maji, kile kipimo cha asidi, kwa ghafla.

Mawe yalisuguliwa kwa brashi ngumu, yakamwagiwa maji mpaka vumbi lilipoacha kutoka, yakaingia pipani yakiwa yamefunikwa kwa maji ya bahari, gizani, na pampu ndogo ikiyazungusha. Giza ni la kuzuia mwani usitangulie. Pamoja nayo niliweka jiwe moja dogo kutoka tangi la zamani liwe mbegu, na kipande cha kamba mbichi kifungwe katika kitambaa kiozee humo na kutoa amonia. Harufu haikuwa ya kumkaribisha mgeni, na mama mwenye nyumba alisema hivyo. Amonia ilipanda, ikafuata nitriti, na kuelekea mwisho wa Februari vyote viwili vikawa havionekani kwenye kipimo hata nilipoongeza chakula kingine. Fosfati, ambayo hulisha mwani, iliyotoka katika mawe wiki za mwanzo iliondolewa kwa kubadilisha maji ya pipa.

Mchanga wa zamani hautahamishwa. Chini yake una tabaka jeusi lisilopata hewa, na likikorogwa hutoa uchafu wa miaka na hewa ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki. Nitachukua kikombe kimoja cha juu juu tu kiwe mbegu. Chini ya tangi jipya kutakuwa na chenga za matumbawe kutoka machimbo yale yale, zilizochekechwa na kuoshwa, kina cha sentimita tatu. Matuta ya Shela yana mchanga mwingi ajabu, lakini ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji, na hayaguswi.

Mwisho wa Februari: maji

Maji ya mbele ya mji hayafai. Kuna dizeli ya boti, kuna mitaro. Tulikwenda kwa mashua hadi nje ya Shela, kwenye mlango wa bahari kati yake na Manda, wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi. Kwetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na ile ya alfajiri ndiyo bora kwa sababu bado kuna ubaridi. Saa ina maana kubwa hapa. Maji yanapojaa, kinachoingia mkondoni ni maji ya bahari kuu, maangavu na yenye chumvi kamili. Yanapokupwa, kinachotoka ni maji yaliyolala mikokoni, yenye rangi ya chai na majani yaliyooza. Mahali pale pale, saa sita baadaye, ni maji mengine kabisa. Nahodha alijua hili kuliko mimi, na alikataa kusimamisha chombo mpaka tulipofika pale alipopataka yeye.

Madumu 20 ya lita 20 yalijazwa kwa kuzamishwa chini ya uso, si kwa kuchota juu, ambako mafuta na takataka huelea. Kutoka gatini punda waliyaleta, mawili kwa kila mmoja. Nyumbani maji yalipita katika kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili na kuingia katika mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko na pampu ya kuzungusha. Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, ilisoma 35, sawa na tangi la zamani; pH ilikuwa 8.2. Yaliachwa yatulie siku kadhaa ili vijidudu vidogo vife na kuchujwa tena.

Maji ya kujazia yale yanayopotea hewani ni shauri jingine. Yanayokauka ni maji, chumvi hubaki, kwa hiyo kinachorudishwa lazima kiwe maji matamu yasiyo na kitu. Ya kisima yana chokaa na chumvi. Ya mvua yatokayo kwenye paa la mabati hubeba zinki, na zinki, kama shaba, huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo sana. Nanunua maji ya dukani yaliyochujwa kwa mashine.

Machi, siku ya kuhama

Kazi ilianza baada ya alfajiri ili imalizike kabla ya joto la adhuhuri. Tangi jipya lilikuwa na chenga zake, mawe ya Manda yakiwa yamepangwa na kujaribiwa kwa kutikiswa, na maji mapya hadi karibu nusu, nyuzijoto 27 kama ya tangi la zamani. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ilikuwa tayari na inveta yake. Kwa pampu ya wati 15 inatosha zaidi ya siku nzima. Haikuhitajika, lakini mtu wa Lamu hahamishi tangi akiutegemea umeme peke yake.

Lita 70 za maji maangavu zilivutwa kwanza kwa mpira, kutoka juu, kabla mkono wowote haujagusa jiwe. Baada ya hapo matumbawe laini yalitolewa na mawe yao, ndani ya beseni, bila kuonyeshwa hewa. Mawe makubwa yakafuata moja moja. Hapo inafaa kwenda polepole, maana samaki akiogopa huingia katika jiwe. Jiwe la tatu lilitoka likiwa na kangaja ndani yake: alikuwa amejibana katika ufa, miiba ya mgongo imesimama ikigusa dari ya ufa na tumbo likigusa sakafu yake, na kadiri unavyomsukuma ndivyo anavyokaza. Sikumsukuma. Jiwe zima liliingia beseni lenye maji ya zamani, likafunikwa kwa kanga, na baada ya muda akateremka mwenyewe. Kimia hakitumiki kwa kangaja hata hivyo. Kwenye shina la mkia ana visu viwili, kimoja kila upande, vinavyonasa katika nyuzi na kumjeruhi yeye mwenyewe au kidole chako. Alipelekwa katika bakuli, majini kwa majini.

Wale samaki wawili wa mapezi ya machungwa walikuwa rahisi. Maji yalipobaki sentimita kumi na mawe yote yametoka, walikaa pembeni wakitazama bakuli kama wenye nyumba wanaodaiwa kodi, wakaingia wote wawili kwa mara moja.

Mawe ya zamani yakawekwa juu ya yale ya Manda, pale maji yanapopita kwa nguvu, na lita zile 70 zikamiminwa polepole juu ya sahani ili zisichimbe chenga. Kabla ya kuwarudisha viumbe nilipima amonia: haikuonekana. Hili halirukwi, kwa sababu katika maji ya bahari yenye pH ya juu na joto la kwetu, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake ya sumu huwa kubwa zaidi kuliko mtoni, na kiasi ambacho samaki wa mtoni angekivumilia kingemuumiza huyu. Samaki waliachwa nusu saa katika beseni huku maji ya tangi jipya yakiongezwa kwa kikombe. Kamba alipewa muda mrefu zaidi, kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo ili utoe tone baada ya tone. Kamba hawezi mabadiliko ya ghafla ya chumvi, hata yale ambayo kipimo chetu hakiyaoni.

Taa hazikuwashwa siku hiyo. Tangi la zamani lilioshwa kwa maji ya bahari tu, bila sabuni, likasukumwa chini ya meza, na kesho yake skima na pampu kubwa zikaanza kazi.

Machi, inavyoendelea

Katika vipimo vya siku zilizofuata, amonia ilionyesha rangi hafifu mara moja, ikatoweka, nitriti haikuonekana. Nitrati iko 5, chini ya ile ya tangi la zamani, iliyokuwa 20, jambo la kutarajiwa pale maji mengi ni mapya na mchanga mchafu haupo. Chakula kimepunguzwa hadi nusu kwa sasa, ingawa samaki wanadai kamili.

Nilimtazamia kangaja madoa meupe ya ugonjwa wa Cryptocaryon, kwa kuwa jamii yake hushikwa nao kwanza wakisumbuliwa. Hayajatokea. Anakula, na sasa anaogelea kutoka kioo hadi kioo kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao. Mawe ya Manda yamevaa utando wa kahawia, kama mawe mapya yote yanavyofanya, na yeye pamoja na konokono wameuanza upande wa kulia. Samaki wa machungwa wameikataa kona niliyowapangia na kuchagua nyuma ya bomba la kupandishia maji, mahali ambapo hakuna mgeni atakayewaona.

Feni inayopuliza juu ya uso wa maji inashusha joto kwa nyuzi mbili hivi, na gharama yake ni lita nne hadi tano za maji matamu kila siku. Hata nikisahau siku moja, katika jumla ya lita 320 chumvi haitapita 35.6.

Mambo yaliyobaki ni matatu. Kifuniko cha wavu kinatengenezwa, kwa sababu tangi limejaa hadi karibu na ukingo na samaki akishtuka huruka. Taa ya pili itafungwa matumbawe laini yakishafunguka kikamilifu. Mawili bado yamejikunja. Na nahodha ameshaambiwa kuhusu bamvua ijayo: mapipa yote mawili yajazwe tena na kufunikwa kabla ya mvua ya kwanza ya masika, yawe akiba ya kubadilishia lita 30 kila wiki mbili mpaka bahari itakapotulia.